Askari Katika Maji ya Mgongo

Jumatatu, 8 Machi
Nimetoka kazini komine, ofisi ya serikali ya mtaa, nimenunua kwanga ya muhogo, nimekuja hospitali. Dada yangu mkubwa, yaya Béatrice, hakula. Alikitazama kijiko kama hajui ni cha nini. Korona ilimpata mwezi uliopita, ikapita, tukamshukuru Mungu. Sasa anayumba akitembea. Leo ameniita kwa jina la marehemu papa, baba yetu. Niliitika. Sikujua la kufanya.

Jumanne, 9 Machi
Daktari anataka kumchoma sindano mgongoni, atoe maji yanayozunguka ubongo, yapimwe. Mama amekataa. Mtaani kwetu kila mtu anamjua mtu aliyechomwa mgongo akafa. Mimi nimesoma, najua ugonjwa ndio uliowaua. Najua, na bado sikumbishia mama.

Alhamisi, 11 Machi
Asubuhi alishikwa na degedege. Mama akakubali. Nilimkunja yaya magoti na kumshika asisogee. Maji yalitoka tone kwa tone, safi kama ya kunywa. Yamepelekwa Kinshasa kwa ndege.

Jumatano, 17 Machi
Hakuna majibu. Kazini nimekosea jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa. Naogopa.

Ijumaa, 19 Machi
Majibu. Virusi vyenyewe havikuonekana katika maji yale. Lakini kuna anticorps za korona. Daktari alisema kwa Kifaransa, mama akanigeukia. Hofu ilinifanya nitafsiri kama shuleni, kipande kwa kipande: anti, corps. Nikamwambia ni vitu vinavyopinga mwili, badala ya vinavyoukinga.

Mama akaanza kufunga nguo.

"Tunatoka. Mutoto wangu iko na adui ndani, hapa tunangoja nini? Twende kwa pasta."

Daktari akamzuia, kwa Kiswahili safari hii.

"Hapana, mama. Ile ni askari ya mwili. Inapiganaka na ugonjwa."

Nilidhani ametuokoa. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Askari? Docta, weye haukukuwa Kisangani wakati ya vita. Askari waliingiaka kwetu, eti kutulinda. Walipiga nani?"

Daktari hakucheka. Alisema hilo ndilo analoliogopa: huenda askari hao wamekosea, wanaupiga ubongo wenyewe. Hana hakika. Kuna dawa ya kuwatuliza, ila wakitulia, ugonjwa mwingine unaweza kupata njia.

"Basi uwatulize," mama akasema.

Karatasi ya kukubali dawa nilitia sahihi mimi. Mwandiko haukufanana na wangu.

Jumatatu, 22 Machi
Dawa inaendelea. Yaya ana homa. Huenda ugonjwa mwingine umeipata ile njia aliyoisema daktari. Nikisikia viatu vya muuguzi, nadhani anakuja kutuambia. Mama ameniuliza kama kosa ni lake. Nilipaswa kusema hapana papo hapo. Nilichelewa.

Alhamisi, 25 Machi
Homa imeshuka. Sithubutu kufurahi. Amekunywa uji, akalala. Nilikaa nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, mpaka mama akanifukuza niende kuoga.

Jumapili, 28 Machi
Mvua. Yaya ameomba kwenda chooni. Nilimshika mkono hadi mlangoni. Akaingia polepole, akaegemea ukuta, akafunga komeo mwenyewe. Nilibaki nje, sikio kwenye ubao, nikingoja kusikia akianguka.

"Weye! Unasikilizaka nini hapo? Toka!" yaya akafoka kutoka ndani.

Nikasogea. Si mbali.