Viti vya Damu ya Mzee

Jumatatu, 9 Juni

Nimekamua. Ng'ombe mweupe ametoa maziwa kidogo. Ananuna kwa sababu mwenyewe hayuko. Mzee wangu ako hospitali mjini tangu jana, watampasua tumbo Alhamisi. Binti yetu Jerono amebaki naye. Mimi nimebaki na ng'ombe.

Kabla aende alisema neno moja tu. Akitoka, harudi nyumbani na gari ya kuazima. Anataka Pijo yake. Sasa Pijo yenyewe viti vimeoza, springi zinachoma watu matako, na yeye atakuwa na nyuzi tumboni. Mzee ni kichwa ngumu. Mimi pia. Kwa hivyo dereva wa jirani ameipeleka kwa Ouma, fundi wa viti vya gari, barabara ya Turbo. Avishe viti vyote kitambaa kipya. Jumamosi iwe tayari.

Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alisema niandike kila siku, herufi zisitoroke. Naandika. Hakuna mwingine atasoma.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Ouma amepiga simu kuuliza mambo ya viti. Kwake cherehani inanguruma, kwangu mabati yanapigwa na mvua. Simsikii, hanisikii. Nikapiga kelele: damu ya mzee! Viti zote, damu ya mzee! Ile nyekundu nzito. Mzee ameitaka hiyo rangi tangu anunue gari.

Ouma akazima cherehani. Halafu akasema, "Pole sana, Mama." Simu ikakatika.

Amesikia Mzee ni mgonjwa, nafikiri. Ni mtu wa adabu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepalilia mahindi mpaka mgongo ukakataa. Ouma hashiki simu. Jerono anasema Mzee amekataa chakula cha hospitali, anasema hakina chumvi wala heshima.

Kitanda ni kikubwa sana. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 12 Juni

Wamemuingiza asubuhi. Jerono alisema atanipigia. Hajapiga. Nikimpigia, mteja hapatikani.

Mchana nikaona wanawake wa kanisa wakiingia kwa geti, leso viunoni. Mama Kiptoo mbele, amebeba sukari, analia kutoka barabarani. Nikajua. Hakuna mtu analetewa sukari na machozi pamoja kama ni habari nzuri. Nikakaa juu ya debe. Sikulia. Nikawaambia wakae, nikaweka chai. Mikono ilifanya kazi, mimi sikuwa hapo.

Nilipokuwa namimina ndio nikauliza: nani amewaambia? Mbona mimi Jerono hajaniambia?

Mama Kiptoo akasema ameipata sokoni Cheptiret, kwa mtu aliyetoka kwa fundi. "Ouma ameiona na macho yake. Gari imejaa damu ya Mzee mpaka kiti cha nyuma. Amekataa kuigusa mpaka pasta aje aiombee."

Kiti cha nyuma. Hapo ndipo ile dawa nyekundu ya ng'ombe ilimwagika mwaka jana. Na mimi nikapiga kelele kwa simu, damu ya mzee, viti zote.

Nikacheka. Nikacheka mpaka Mama Kiptoo akanishika mabega akaanza kuomba. Nikamwambia niachilie, wewe, hiyo ni rangi!

Lakini kicheko kiliisha haraka. Rangi haiwezi kusema kama Mzee ameamka. Tukakaa sisi wote tukiangalia simu. Chai ikapoa.

Jua likishuka Jerono akapiga. Simu yake iliisha chaji. Mzee ameamka. Ameuliza kama ng'ombe mweupe amekamuliwa.

Hapo ndipo nikalia. Mama Kiptoo alipomaliza kufuta machozi yake akauliza polepole kama atarudi na sukari. Nikamwambia mgonjwa anahitaji uji. Sukari imebaki.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeenda kwa Ouma mwenyewe. Pijo imesimama mbali na gari zingine kama yenye tetekuwanga. Viti ni vile vile vya zamani.

Nikavua kitambaa cha kichwa mbele ya watu wote, nywele nyeupe nje. Nikamwekea mkononi. "Hii ndiyo damu ya mzee."

Akaangalia kitambaa, akaniangalia. "Aki Mama. Si hii ni maroon?"

"Maroon ni mtoto wa nani? Mimi sikuenda shule."

Akashika kichwa. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sasa wanamwita Daktari wa Damu. Nikamuuliza, na pasta alikuja? Akasema alikuja, ameiombea gari kutoka bampa mpaka bampa. Nikasema ni sawa, breki zake zilihitaji.

Nikamwambia ukweli pia. Ulinizikia bwana akiwa hai, kwa hivyo leo utashona na mimi nikiwa hapa. Halafu nikampa viazi nilizobeba, kwa sababu alionekana hajala. Akang'oa kila kitu, akafunga springi, akaweka sponji mpya. Mkono wake ni mzuri, pindo limenyooka. Nimemwambia hivyo. Akacheka kwa aibu.

Jumamosi, 14 Juni

Gari iko tayari, iko kwa boma. Mzee hayuko tayari. Daktari amesema kidonda bado.

Nimeingia nikakaa kwa kiti chake. Inanuka gundi. Nikatoka.

Alhamisi, 19 Juni

Alirudi jana. Kwa gari yake. Amekonda, shati inamvaa badala ya yeye kuivaa. Alipapasa kiti njia yote. Tulipofika geti akauliza kama ile damu ingine, ya mwilini, daktari alimbakishia kidogo. Nikamwambia imebaki ya kutosha mdomo.

Leo ameomba chai ndani ya gari. Haiendi popote. Mlango wazi, miguu nje kwa jua. Nimetia sukari ya Mama Kiptoo. Ameuliza mbona leo chai ni tamu hivi. Sijamwambia imetoka wapi. Akicheka sasa nyuzi zitakatika.

Amelala hapo hapo. Nimemfunika blanketi.

Ng'ombe mweupe ametoa maziwa.