Mama Mmoja, Mabwana Wawili

Bleicherode, 12 Desemba 1953

Kaka Lothar,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na shemeji hajambo. Sisi tu wazima, isipokuwa miguu ya Mama inayovimba kila baridi ikianza. Barua hii itasomwa na watu kadhaa kabla yako, basi nao nawasalimu.

Nimerudi. Miaka saba, kaka. Wewe Wamarekani walikuchukua vita vilipokwisha, uwaundie roketi. Mimi Warusi walinijia mwaka uliofuata, askari kasimama mlangoni huku Mama akinifungia mkate. Walituweka kisiwani huko Urusi, katikati ya ziwa, nyuma ya seng'enge. Tulichora injini za roketi, wakachukua michoro, hawakutuambia kama ilifaa. Mwisho wakatunyima kazi kabisa, ili tusahau tuliyoyajua kabla ya kuturudisha. Nikalima viazi.

Sasa nafundisha hesabu. Mama anauliza utakuja lini. Nimwambie nini?

Mdogo wako,
Eberhard

Huntsville, Alabama, 3 Machi 1954

Mdogo wangu Eberhard,

Mwandiko wako niliutambua kabla sijafungua bahasha. Namshukuru Mungu u mzima. Sisi hatujambo. Nimewatumia kahawa, na soksi za sufu za Mama.

Kuja haiwezekani kwa sasa. Wakubwa wangu hawataki yeyote anayeunda roketi akanyage Ujerumani ya upande wa Warusi. Mwakani naomba uraia. Nikishaupata mambo yatalegea. Mwambie Mama avumilie kidogo.

Kaka yako,
Lothar

Bleicherode, 9 Oktoba 1957

Kaka,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea tu, maana hii ni barua yangu ya sita bila jibu. Mama yuko kitandani tangu Agosti. Ni moyo.

Juzijuzi Warusi walirusha angani mwezi wao mdogo wa kutengenezwa, nanyi mmebaki kuutazama. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya wanafunzi nieleze ushindi huo. Nilipoanza kutaja kisiwa akanigusa mkono: "Bwana Brandis, inatosha." Sijui kama ndani ya roketi iliyoubeba mna hata msumari mmoja niliouchora. Kila upande unapigania kuwa wa kwanza. Wale wafungwa waliokufa handakini wakitengeneza roketi zetu wakati wa vita, hao hakuna anayewapigania.

Mama anakutaja kila siku. Andika mistari miwili tu, nimsomee.

Mdogo wako,
Eberhard

Huntsville, 20 Februari 1958

Mdogo wangu,

Natumai Mama anaendelea vizuri. Barua hii anaiposti rafiki aliye Hamburg. Usijibu kwa anwani yangu.

Utakuwa umesikia: na sisi tumerusha mwezi wetu. Watu walijaa barabarani wakipiga honi, nikabebwa begani kama bwana harusi.

Lazima nikwambie. Fomu ya uraia iliuliza nina ndugu gani upande wa Warusi. Niliandika: mama mzee, na mdogo wangu aliyefariki Urusi. Nisingeandika hivyo ningefukuzwa kazi. Lakini barua zako ziliendelea kuja. Afisa mmoja akaniita, akazipanga mezani, akasema, "Marehemu wako ana mwandiko mzuri." Waliniacha kwa sababu walinihitaji kuwakimbiza Warusi. Sharti lao ni nisikujibu.

Nisamehe. Ungekuwa mahali pangu ungefanya hivyohivyo.

Kaka yako,
Lothar

Bleicherode, 30 Machi 1958

Kaka Lothar,

Naipitisha hii kwa rafiki yako wa Hamburg. Mimi sijambo. Mama tumemzika Jumanne.

Barua yako ilimkuta bado anasikia. Nilimsomea kwamba u mzima, kwamba umebebwa begani, na kwamba utakuja kiangazi. Hilo la kiangazi nililitunga. Mengine sikuyasoma.

Baada ya siku chache akili ilianza kumpotea. Alinishika mkono, akasema, "Lothar, umekuja." Uso wake ulikunjuka, sikuwahi kuuona hivyo tangu nirudi. Ningemsahihisha vipi? Nikasema, "Nimekuja, Mama." Akanipapasa shavu, akasema Amerika imenikondesha. Kisha akauliza, "Na Eberhard yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kazini, anakuja. Alimngoja siku mbili, macho mlangoni, mpaka akakata roho.

Basi hata kwa Mama mimi sikuwepo, kama ulivyoandika kwenye fomu yako. Ila usiseme ningefanya hivyohivyo. Kule kisiwani kila mwezi waliniuliza kama nina ndugu Amerika. Kila mwezi nilijibu ninaye, na jina lako nikaliandika kwa herufi kubwa. Kwa ajili hiyo wenzangu walitangulia kurudi, mimi nikabaki mwaka mzima zaidi.

Mdogo wako aliye hai,
Eberhard