Kahawa Tuliyoiuza Ingali Maua

Nyaishozi, Karagwe

Kwa dada yangu mpendwa Melania,

Shikamoo dada. Shikamoo na wewe Mama, najua unasomewa hapo ulipokaa, na Melania akisoma mbio mwambie arudie. Huku hatujambo. Kikohozi cha Adela kimekwisha, na Levina amekua mpaka viatu vyangu vinambana. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na shemeji, lile jino aling'oa au bado anazunguka na kitambaa shavuni? Niandikie kila kitu, hata kibaya. Nikikosa habari zenu natunga za kwangu, na za kwangu huwa mbaya zaidi.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la maharage. Unauliza pesa za bati za Mama ziko wapi, maana niliandika kwamba zitakuja mwezi wa saba, na mwezi wa saba umepita, mvua zimeanza, na nyumba inavuja upande wa kitanda chake. Umeuliza kwa upole, hukunitukana. Jibu lake ni refu, kaa chini kwanza.

Unajua nafanya usafi na kupika chai kwenye ofisi ya shirika lililokuja kwa ajili ya wakimbizi. Wakimbizi wamerudi kwao, Wazungu wengi wameondoka, ila ofisi ipo na kamshahara kangu kapo. Chumba kimoja mle ndani kina kompyuta. Ni kama televisheni iliyowekwa juu ya sanduku. Inafunikwa kitambaa cheupe, na anayeingia anavua viatu kwa sababu ya vumbi, kama msikitini. Anayeitumia ni mhasibu wetu, Bi Tabitha, mama wa makamo, mtu wa Dodoma, mcheshi sana.

Huyo Bi Tabitha alinikuta siku moja jikoni nalia. Sikuwa na msiba. Nilikuwa nimetoka dukani, na mwenye duka kaninyima chumvi mbele ya watu. Kasema, "Mama Levina, jina lako limemaliza kurasa zangu. Leo ukinunua, nunua daftari." Watu wakacheka, hata mama mchungaji.

Bi Tabitha akaniambia, "Na mimi nimelia hivyo hivyo. Nilikuwa nakopa kwa huyu nimlipe yule, mpaka nikawa nakwenda kazini kwa njia ya makaburini nisionane na watu. Kilichonitoa ni ile mashine."

"Inatoa pesa?"

"Ingekuwa inatoa pesa ningekuwa hapa nakunywa chai yako ya rangi?"

Jumamosi akanikalisha mbele ya hiyo mashine, jenereta inanguruma nje. Ndani ya kompyuta kuna programu ya kupanga matumizi. Kwenye kioo unaona visanduku, kila kimoja na jina lake: chumvi na sabuni, mafuta ya taa, ada, sadaka, madeni. Mshahara ukiingia, kila shilingi inapewa kisanduku chake kabla haijatoka mlangoni. Kisanduku kikiisha, kimeisha. Ukitaka kuchota cha jirani yake lazima useme unachota wapi, na mashine inaandika.

Nikamwambia, "Kwa hiyo mnazibatiza."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo, tunazibatiza. Na ikishabatizwa haibadili dini."

Akauliza habari ya pombe. Nikasema kwetu hatununui pombe, ila ndizi zinakamuliwa rubisi kwa ajili ya wageni. Akaandika. Baadaye akauliza ndizi ngapi zinakamuliwa na ngapi zinauzwa, nikamwambia. Akaniangalia. "Mama Levina, wageni wenu wanakunywa sana."

"Mgeni mwenyewe ni mmoja, na ndiye aliyenioa."

Akauliza madeni. Nikayataja yote, dada, sikuficha hata moja. La dukani, la fundi cherehani, la dawa za Adela, na la wifi yangu ambalo hata wifi mwenyewe amelisahau. Kisha akauliza, zaidi ya mshahara mna nini? Nikasema kahawa. Mnavuna? Tunavuna. Magunia mangapi? Nikamtajia. Akagonga vitufe, mashine nyingine ikalia kama inakwaruzwa, ikatoa karatasi ndefu yenye vitobo pembeni. Akaisoma. "Mwezi wa saba, kahawa ikiuzwa, madeni yako yote yanakwisha, na kinabaki kitu."

Kinabaki kitu! Ndipo nikakuandikia habari ya bati siku ileile, na dereva akaondoka na barua. Karatasi imeandikwa na mashine, mimi nani nibishane nayo?

Baba Levina alipoiona alikuwa anakula. Akaisoma polepole, anafuata kwa kidole, anaipaka mchuzi. Akafika chini, akarudi juu.

"Kahawa ipi?" akaniuliza.

"Ya kwetu."

"Ya kwetu ipi? Si tuliiuza kwa Zefrino ikiwa maua?"

Dada, ni kweli tuliiuza. Hiyo ndiyo butura, huko kwetu Kibondo hamna. Huku mibuni ikichanua, mfanyabiashara anapita na pesa mkononi. Anakadiria kwa macho, anakulipa, na kahawa inakuwa yake ingali maua. Anakulipa kidogo, maana anasema maua yanaweza kudondoka. Yasipodondoka, anachukua hivyo hivyo. Sisi tunapalilia, tunachuma na watoto, tunaanika, tunajaza magunia, gari linakuja linabeba. Chamani, kwenye ushirika, bei ni nzuri zaidi lakini wanachelewa kulipa, na mtoto akifukuzwa ada huwezi kumwambia subiri chama. Basi kila mwaka tunauza maua, kila mwaka tunavuna vya mtu. Tangu nimeolewa ni hivyo.

Na huwezi kuniambia nilimdanganya Bi Tabitha. Aliniuliza kama tunavuna kahawa, na tunavuna. Hakuuliza ni ya nani. Aliniuliza madeni, nami sikutaja butura kwa sababu huku hakuna anayeiita deni. Tunasema "tumeuza". Mtu akiuza mbuzi anadaiwa?

Jumatatu nilirudi kwake na ile karatasi. Nikamweleza. Akaniuliza, "Pesa ulipokea?"

"Tulipokea."

"Kitu umeshakitoa?"

"Bado kipo mtini."

"Basi unadaiwa, Mama Levina. Hilo ni deni, tena ndilo kubwa kuliko yote."

"Si deni, ni biashara."

"Biashara gani unauza gunia kwa bei ya debe?"

"Ya hapa kwetu."

Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Na mimi nina kosa, ningeuliza. Kwetu Dodoma hakuna mbuni hata mmoja, nilijua kahawa ya mtu ni ya mtu." Akaitoa kahawa kwenye mapato akaiingiza kwenye madeni, na visanduku vyote vikawa vyekundu. Hata cha sadaka. Akaniambia kwamba madeni madogo mshahara utayamaliza taratibu, lakini hili haliwezi kumalizika kwa kulipa. Linamalizika kwa kutolichukua tena. Maua yakija, msiuze. Mkiuza, mwakani mtaanza hapa hapa penye wekundu.

Nilitaka kukuandikia wakati ule. Nikaona haya, nikasema huenda Mungu atafungua njia nyingine. Hakufungua.

Baba Levina nilipompelekea habari hiyo alikasirika. "Mimi sina deni na mtu! Mimi nauza kahawa kama baba yangu. Mwambie huyo mama wa Dodoma alime mtama wake." Nikaendelea na visanduku vyangu kila mshahara. La fundi likaisha, la dawa likaisha, la dukani likapungua mpaka mwenye duka akaanza kuniita "mama mkubwa", mnafiki yule. Mwezi wa saba gari la Zefrino likaja likabeba magunia. Baba Levina alisimama barabarani analiangalia mpaka likapinda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Kisha maua yakaja. Unalijua shamba la kahawa likichanua? Huwezi kulijua. Ni jeupe, linanukia hadi ndani ya sufuria. Zefrino akaja na pikipiki yake, akawapa watoto peremende, akaamkia kila mtu. Si mtu mbaya, niseme kweli. Baba mkwe alipofariki ndiye aliyeleta sukari na sanda. Akakaa, akatoa bahasha akaiweka juu ya kigoda. Hamkabidhi mtu mkononi. Anaiweka ikae, kama mgeni wa pili.

Mimi nilikuwa namenya ndizi, kisu kikagoma. Nilijua nikifungua mdomo mume wangu ataichukua bahasha, ili watu wajue nani mwenye kibanja hiki cha ndizi na kahawa. Nikaufunga.

Baba Levina akasema, "Zefrino, nikuulize. Nikizishika hizi, utakuwa unanidai au hunidai?"

"Aa, Baba Levina! Mimi na wewe tudaiane? Sisi ndugu. Umeuza, nimenunua, yamekwisha."

"Hakuna deni."

"Hakuna hata chembe."

"Vizuri. Basi nikivuna nikapeleka chamani, hutakuwa na neno."

Zefrino akacheka. Akaona anacheka peke yake. "Unatania."

"Nauliza."

"Ukipeleka chamani mimi na wewe ni kwa mtendaji! Utanirudishia, na ya juu utaniongezea!"

"Ya juu ya nini?"

"Ya pesa zangu!"

"Kumbe unanidai," Baba Levina akasema. Hakupandisha sauti. Akaichukua ile bahasha kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni kofia yake, akampa.

Zefrino akanigeukia mimi. "Ni huyu. Huko ofisini wanamfundisha kiburi kwa mashine."

"Mwache mke wangu amenye ndizi," Baba Levina akasema. "Hiyo mashine haijui hata harufu ya kahawa."

Pikipiki ilipoondoka nilidhani atajisifu. Alikaa palepale kwenye kigoda, akaniuliza taratibu, "Na ada?" Nikamwambia sijui. Tumeuza beberu, na rubisi haikamuliwi tena, ndizi zinakwenda sokoni. Mgeni wangu analalamika lakini anazibeba mwenyewe. Bi Tabitha amepangua visanduku upya. Ada ya Levina imepata chake, kinajaa kwa shida. Kuna siku tunakula maharage bila chumvi kwa sababu kisanduku cha chumvi kimekwisha na sitaki kurudi kukopa dukani.

Sasa nisikilize, dada. Pesa za bati sina. Sizifichi, sizikalii, sina. Na ukiniandikia kwamba Mama analoa nitalia, na bado sitakuwa nazo. Nikizitafuta sasa ninajua zilipo, ziko kwenye bahasha ya Zefrino, na hajafika mbali. Wiki iliyopita nilipoota Mama amelala kwenye maji niliamka nikiwa nimeshafika nusu ya kumwambia mume wangu amwite Zefrino. Nikaacha. Mwombe shemeji aezeke upande ule wa kitanda kwa nyasi kwa msimu huu, na mkisogeze kitanda. Ninajua ninachokuomba.

Maua yamedondoka, punje zimeshika, ndogo kama mbegu za mtama. Mvua ikinguruma natoka nje kuangalia kama ina mawe. Juzi Adela alikuja mbio, "Baba, mbuzi wameingia kwenye kahawa ya Zefrino!" Ndivyo watoto wanavyoiita, wamezaliwa wakaikuta inaitwa hivyo.

Baba yake akaruka. "Kahawa ya nani?"

"Ya Zefrino."

"Ya nani?"

Mtoto akaniangalia mimi, akamwangalia baba yake. "Ya... kwetu?" Kama anakisia jibu la mwalimu.

"Sema tena."

"Ya kwetu."

Na mbuzi huku wanaendelea kula. Ikabidi niwafukuze mimi.

Nisalimie shemeji, mwambie jino halifugwi. Nisalimie mjomba mwenye nyuki, na yule binamu yetu mshona viatu, na mama mdogo wa kanisani, hata kama bado amenuna. Watoto wako wote wabusu kichwani kwa niaba yangu. Baba Levina anawasalimu, anasema shemeji asimcheke kwa habari ya rubisi.

Mama, hapa ni wewe na mimi. Sikutajii mwezi, maana nakujua, nikikutajia utaanza kuhesabu. Kahawa iko mtini, na safari hii haijauzwa.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Yustina, Mama Levina