Taa Isiyozima Bila Kuaga

Guangzhou, Alhamisi, mwezi wa sita 2009

Joto la leo linanata. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha mvuke, na nguo nilizoanika dirishani tangu juzi bado zina unyevu. Nina furaha, na kuna jambo sijalisema, vyote kwa pamoja. Nikiwa hivi huwa sifai kwa kazi yoyote, basi naandika.

Taa imekubali.

Mnaopita kwenye blogu hii mara moja moja mnajua kwamba mimi ni mtu wa nguo za watoto. Kazi yangu ni kupanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla pale Zhanqian, kubishana bei, kufunga marobota na kuyasafirisha Dar. Taa si biashara yangu. Taa ni ya mama.

Mama yuko Njombe, peke yake tangu baba afariki, na analala na chemli imepunguzwa utambi kando ya kitanda. Blanketi linaning'inia papo hapo. Kila nikipigiwa simu alfajiri nasema basi, nyumba imeungua. Ndiyo maana mwaka jana nikamtumia taa ya LED ya kuchaji, ile wanayoiita taa ya kambi. Kwenye boksi kuna picha ya Wazungu wamekaa mbele ya hema wanacheka. Sisi kwetu hatuhitaji hema. Mgao wa umeme ukija tunapiga kambi sebuleni.

Mama aliitumia siku chache, akaiweka kabatini na vyombo vya wageni, akarudia chemli yake. Nikamtumia nyingine, kubwa zaidi. Nayo kabatini. Nikanuna, maana mimi ni mwepesi wa kununa, na nilipombana kwenye simu ndipo akasema.

"Mwanga wake mzuri, mwanangu. Ila inazima ghafla. Nilikuwa katikati ya ukumbi naenda chooni, nikabaki nimeshika ukuta. Chemli nikiitikisa nasikia mafuta yaliyobaki, na ikitaka kuzima inaniambia mapema. Taa inayokufa bila kuaga siitaki."

Baba alikwenda hivyo. Alimaliza chai, akasimama kuchukua kofia, basi. Mama hakumtaja, wala mimi sikumtaja, mpaka salio likaisha.

Nikampelekea shida hiyo Lin. Lin ana karakana ndogo ya taa na redio nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu. Ananiita jiejie, yaani dada, nami namwita Dada Lin, na tunaongea kwa Kichina changu cha sokoni na Kiswahili alichookota kwa wateja. Nilipomweleza alicheka kwanza.

"Meiyou, hakuna taa hiyo, jiejie. Wateja wote wanataka mwanga mkali mpaka mwisho. Wewe unataka taa ichoke?"

"Ichoke, ndiyo. Polepole, mtu aione inachoka."

Ndani ya taa zake kuna kidude kinachoshikilia mwanga usipungue mpaka betri iishe kabisa. Hicho ndicho anachojivunia, na mimi nilikuwa namwambia akitoe. Hata hivyo alikitoa. Sampuli ya kwanza ilianza kufifia mapema mno, kabla hata ya chakula cha usiku ingekuwa haina maana. Ya pili, betri ikikaribia kuisha, ilikuwa inawaka na kuzima kama jicho linalokonyeza. Nikamwambia mama ataita wachungaji waje kuiombea. Lin akaichukua, amekunja uso. Nilidhani tumekosana.

Katikati ya hayo ukaguzi ukaja. Askari milangoni mwa maduka, askari kwenye ngazi, pasipoti, pasipoti. Yangu ilikuwa imepelekwa kuongezewa viza, na bila hiyo sikuthubutu kutoka. Sele, jirani yangu wa chumba cha pili, muuza jinzi kutoka Kariakoo, alitoka asubuhi kwenda kuchukua mzigo na hakurudi. Baadaye tulisikia amesharudishwa nyumbani. Kandambili zake bado ziko mlangoni. Nikipita nazinyoosha ziwe sambamba, sijui kwa nini.

Nilimpigia Lin kwamba siwezi kwenda karakana. Leo asubuhi amekuja mwenyewe, amelowa, na taa ameifunga kwenye koti la mvua ambalo yeye hakulivaa.

Ameileta betri ikiwa karibu kuisha, makusudi. Chumba changu hakina pazia la maana, kwa hiyo tukaingia chini ya blanketi, wanawake wazima wawili, kwenye joto hili, vichwa vimegusana. Taa ikawaka vizuri kabisa kwa muda. Kisha ikaanza kushuka, taratibu kama mtu anayezungusha utambi wa chemli. Ikabaki kimwanga kidogo cha njano, kinachotosha kuona mlango, na kikakaa. Kikakaa sana. Jasho lilikuwa linatuchuruzika na hakuna aliyetaka kutoka.

Lin akaniuliza kwa nini mama anaitaka hivi. Safari hii nikamwambia yote, mpaka kofia ya baba. Kisha akasema ana binti kijijini, analelewa na bibi yake, na kila sikukuu ya mwaka mpya ikiisha yeye huondoka mtoto akiwa bado amelala, ili asimwone mtoto akilia.

"Mwaka huu bibi anasema, mtoto hataki tena kulala mimi nikiwepo."

Nilimshika mkono. Ninampenda Lin, na sikuwahi kulisema hilo hata humu.

Sasa hilo jambo. Pasipoti yangu ilirudi jana. Hawakuongeza. Nimepewa siku chache za kufunga mizigo na kuondoka, na sijui kama nitaruhusiwa tena. Nilipanga kutomwambia Lin. Nilijiambia ana kazi nyingi, nilijiambia machozi hayasaidii, nitampigia nikifika. Pale chini ya blanketi nilifungua mdomo, nikasifia rangi ya mshikio wa taa. Ameondoka anafurahi, anasema mwezi ujao tutatengeneza nyekundu.

Mchana nimempigia mama. Nimemwambia nakuja, nimemwambia viza imekataliwa, na taa ninayo mkononi.

"Inaaga?" akauliza.

"Inaaga, mama. Muda wa kutosha kabisa."

Akacheka. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya kuuliza kama nimekula, "Na wewe huko, umeshaaga watu?"

Nilisema mtandao unasumbua.

Saa hizi mvua imekatika. Pasipoti ninayo, siku zangu hazijaisha, na askari wakinisimamisha nitawaonyesha. Karakana ya Lin haifungwi mapema. Sijui nitaanza na neno gani, na Kichina changu cha sokoni kinajua kuuliza bei na kukataa bei, hakijui haya mengine. Nitamshika mkono tena, nikae mpaka aelewe.

Nafunga kompyuta, navaa viatu.