Mume Aliyenitangulia

Jumatatu, 10 Juni

Upepo wa mbele tangu asubuhi. Wanaosema Kansas ni tambarare na rahisi hawajaipita kwa baiskeli. Mapaja yamekuwa magogo. Nimefika Pruett jua likiwa bado kali — ghala la nafaka, kanisa, mgahawa, bwawa la kuogelea la watoto. Nimeoga hapo bwawani.

Halafu jambo la ajabu. Mwenye mgahawa anaitwa Twyla, mwanamke mpana, miwani inaning'inia kifuani. Sijaketi, kaniwekea sahani: nyama, viazi vya kuponda, na pai ya cheri pembeni. Nikamwambia sijaagiza kitu.

"Mumeo ameshaagiza," akasema. "Kapita hapa juzi na baiskeli yake. Kasema mke wangu yuko nyuma, atafika ana njaa, msimcheleweshe."

Nikamwambia sina mume.

"Wote tunasema hivyo siku wakituacha nyuma, dada."

Wazee wawili wenye kofia zenye nembo ya trekta wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Nimekula. Ningefanyaje? Pai ilikuwa tamu. Sasa nimo kwenye hema, katika bustani ya mji, tumbo limejaa chakula cha mke wa mtu.

Jumanne, 11 Juni

Pancha. Mwiba mdogo kama kope. Nimeziba kando ya barabara huku ng'ombe wakinitazama kana kwamba nimewakosea.

Jioni, Ebenfeld. Nilikusudia kuomba kulala kwenye uwanja wa kanisa. Mchungaji, Bwana Friesen, alikuwa anakata nyasi. Akazima mashine, akanifuata na mkono wazi. "Karibu, Nadine. Orval alisema utakuja."

Kwa hiyo ana jina. Na mimi nina jina.

Nikamweleza. Naitwa Marlys. Natoka Illinois. Niko peke yangu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema Orval amemsisitizia anionye kuhusu mbwa anayekaa kwenye daraja la pili mbele ya safari: nisikimbie, nishuke, niiweke baiskeli kati yangu na yeye. Nikauliza alimwelezaje huyo mkewe. "Mama mwenye mvi, peke yake, juu ya baiskeli." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Hatupati wengi."

Nimelala kwenye godoro, katika chumba cha shule ya Jumapili ya watoto. Ukutani kuna safina ya Nuhu. Wanyama wawiliwawili, bila shaka.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka na hofu mpya. Kama Nadine yupo kweli, yuko nyuma yangu, na kila anapofika anakuta mimi nimeshakula sahani yake.

Nimekaa njia panda asubuhi nzima kumsubiri. Nimesimamisha malori. Dereva mmoja aliyebeba nguruwe kasema ametoka Missouri tangu alfajiri, hajaona baiskeli hata moja zaidi ya hii yangu. "Umempoteza mtu, mama?" Nikasema sijui.

Nimempigia dada yangu, Junelle. Kosa. Kasema hivi ndivyo wanawake wanavyouawa. Kasema nipande basi nirudi, chumba cha wageni kiko tayari, ameshanunua mapazia. Tangu tumzike Mama mwezi wa pili, Junelle ananinunulia mapazia. Miaka kumi na tisa nilimwogesha Mama, nikamlisha, nikamgeuza. Sasa mikono haina kazi, ndiyo maana nimeishikisha usukani. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema mapazia ni mazuri.

Daraja la pili. Mbwa yupo kweli, mkubwa kama ndama. Nikashuka, nikaweka baiskeli kati yetu. Akabweka, akachoka, akalala. Nikajikuta nasema, "Asante, Orval." Kwa sauti.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimedanganya.

Wanavuna ngano huku. Mashine tatu shambani, vumbi mpaka mbinguni. Familia moja, akina Unruh, walikuwa wanakula nyuma ya gari lao, wakanipungia mkono niende kwao. Mikate ya nyama, matango ya siki, chai yenye barafu. Mama wa nyumba, LaVeta, akaniuliza, "Uko peke yako njia yote hii?" Naijua sauti hiyo. Nimeisikia kila kituo tangu nyumbani. Baada yake huja macho ya huruma, halafu swali kama sina watu.

Mdomo ukanitangulia. "Mume wangu ametangulia."

Ajabu ilivyobadilika hewa. LaVeta akanisogezea nafasi kati yake na mkwewe. "Ah, hao. Wangu akiendesha gari hata chooni hasimami." Nikasema wangu anakoroma hema linatikisika. Wakacheka. Nikasema ananiacha kwenye vilima, halafu ananisubiri huko juu akila tufaha langu. Yote hayo nimeyatoa wapi? Miaka sitini na moja sijalala chumba kimoja na mtu anayekoroma isipokuwa Mama.

Wamesema njia ya mwongo ni fupi. Hii yangu imenyooka mpaka Colorado.

Nilipoondoka LaVeta alinikumbatia, akasema, "Mwambie asikuache sana." Nikalia kidogo barabarani. Kwa nini — aibu, au nini? Upepo uliyakausha machozi, sikupata muda wa kujua.

Jumamosi, 15 Juni

Orval anapunguza mwendo. Au mimi naongeza.

Kituo cha mafuta, kijiji kisicho na kingine chochote. Msichana wa kaunta, kucha za kijani, kasema alikuwa hapa asubuhi hii hii. Mzee mrefu, mwembamba, hana kofia, shingo imeungua. Alisimama nje muda mrefu akitazama barabara alikotokea. Akaingia kuuliza kama mkewe ameshapita. Akatoka. Akaingia tena, akauliza tena, kama hajawahi kuuliza.

"Nikamwambia bado, babu, lakini atakuja. Halafu nikaenda chooni nikalia. Ndiye wewe?"

Nikasema mimi ninapita tu.

"Basi wahi kupita," akasema. Hakuwa anatania.

Nimeendesha saa moja tu, nikapiga hema mapema bila sababu. Ningeweza kumfikia leo. Ndilo tatizo. Sasa hivi ni sahani ya viazi na onyo la mbwa. Nikimfikia atakuwa na uso. Atanitazama aone mimi siye Nadine.

Na kama Nadine hayuko nyuma yangu, yuko wapi?

Jumapili, 16 Juni

Mvua ya mawe. Nimejibanza kwenye kalvati chini ya barabara, mimi na chura. Mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Nimekifikiria kichwa cha Orval, kisicho na kofia.

Sikumfikia jana kwa sababu ya woga. Naandika hivi ili nisijifanye sijui.

Jumatatu, 17 Juni

Gari la polisi wa wilaya lilinipita, likageuka, likasimama mbele yangu. Akashuka kijana mwenye masharubu yasiyojaa, jina lake Kruse.

"Nadine?"

Nikasema hapana. Nikasema naitwa Marlys, nimechoka kusema naitwa Marlys, na je, yuko hai?

Yuko hai. Wamempata mtaroni asubuhi, nyonga imevunjika, ametapatapa kwenye maji usiku kucha. Yuko hospitali ya wilaya, mji unaofuata. Kruse akapakia baiskeli yangu nyuma ya gari bila kuniuliza, nami nikapanda bila kuulizwa.

Tukaondoka. Kisha akasema, "Nimempigia binti yake, Oregon. Anasema mamake alifariki Novemba. Walipanga safari hii pamoja, yule mama na mzee. Binti alidhani babake yuko kwa rafiki anavua samaki."

"Kwa hiyo ulijua mimi siye."

"Nilijua."

"Basi kwa nini umenisimamisha?"

Akaonyesha nje kwa kidevu. Mashamba yamelala, ngano yote imepigwa na mvua ya mawe. "Tangu asubuhi anauliza kama umefika, mama. Sikuwa na la kumwambia. Halafu nikakuona barabarani."

Nesi, Yesenia, mfupi, ana haraka, alinisimamisha mlangoni. Hakuniuliza mimi ni nani. Alisema wanamhamishia mji mkubwa kesho akapasuliwe, na binti hatafika kabla ya hapo. Alisema mzee anang'oa mipira ya dripu kila akibaki peke yake. Kisha, "Utaingia au huingii?"

Nimeingia.

Ana uso, kama nilivyoogopa. Pua ndefu. Mikwaruzo. Macho ya buluu yaliyofifia, na yalinitazama kwa muda, muda mrefu, nikasimama nikingoja aone siye.

"Umechelewa," akasema.

"Upepo," nikasema.

"Nilikwambia ujifiche nyuma yangu."

"Hukunisubiri."

Nilisema kwa hasira. Hasira ya kweli, imetoka kwenye mbavu. Sijui nilikuwa namwambia nani. Naye akainamisha macho kama mume yeyote aliyekamatwa, akasema, "Nilisubiri kila mahali, Nadine. Ulikula?"

Nikamwambia nilikula. Nikamwambia kuhusu pai, na mbwa, na ngano. Akasinzia katikati ya ngano, mkono wake umeushika wangu wa kushoto, hauniachii. Mkono mkavu, mzito. Nimeugeuza mwili wa mtu mmoja tu maishani, kwa miaka kumi na tisa, najua jinsi ya kukaa hivi. Naandika kwa wa kulia, daftari gotini.

Sijui kama ninamtendea wema au ninamwibia marehemu. Nimejiuliza tangu saa nane, na sijauondoa mkono.

Yesenia amerudi. Amesimama mlangoni na simu ameifunika kwa kiganja. Anasema ni binti. Ameambiwa kuna mtu kando ya kitanda cha babake, na anataka kujua ni nani. Binti anauliza kwa upole, lakini anataka kujua sasa hivi. Mzee amefumbua macho, anatutazama sote wawili.

Nimemwomba Yesenia asubiri nimalize mstari huu. Simu ameinyoosha kwangu, nami mkono ulio huru ni huu ninaoandikia. Naweka kalamu.