Bangili Aliyoivaa Mama

Mtaa wa Charasol,
Azogues, Ekuador.
Novemba 14

Mpendwa mdogo wangu Wilmer,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. U hali gani huko Hispania? Kile kifua kimeachia? Natumaini bosi amekupunguzia kazi za shambani baridi hii. Sisi miili ni mizima. Mioyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike, maana kwenye simu wewe unalia, mimi nalia, tunaagana hatujaambiana kitu.

Mama tulimzika vizuri. Siku ya tano tulikwenda mtoni kufua nguo zake kama desturi, na Siku ya Marehemu tukampelekea uji wa zambarau kaburini. Jirani Zoila alipika kwa niaba yetu, mimi mikono ilikataa.

Sasa nikueleze habari ya mwanao. Unajua tangu mama yake, Rocío, afariki, Nayeli aliacha kula, akaacha shule, akawa mtu wa kulala na kugeukia ukuta. Daktari Iralda wa kliniki ndiye aliyempa ile bangili. Inasoma mapigo ya moyo na usingizi, kisha akili mnemba inakadiria hali ya mtoto na kututumia taarifa, daktari na mimi. Sitaisema vibaya. Mwanzoni ilimwambia daktari ampigie Nayeli, na kweli akamkuta analia peke yake bafuni.

Lakini aliporudi shule ikawa balaa. Akikimbia kidogo, bangili inalia: "Nayeli, tunaona una wasiwasi. Vuta pumzi." Wenzake wakapata la kusema. "We Nayeli, yaya wako anakuita! Umeomba ruhusa ya kucheka?" Akawa anakaa pembeni kama mgonjwa, asije akaamsha kelele.

Siku ile aliyotuacha Mama, nilikuwa dukani kwenye cherehani baada ya chakula cha mchana. Simu ikapiga kengele ambayo sijawahi kuisikia: Nayeli yuko hatarini, nenda aliko. Wilmer, sikufunga hata mlango. Nilipanda kilima cha shule huku namwita Rocío, nadhani nilikuwa namwomba msamaha.

Nikamkuta uwanjani anacheza voliboli. Jasho linamtoka, nywele zimefumuka, anacheka! Nikamkumbatia mbele ya watu. Akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha simu. Uso ukambadilika.

"Si mimi, shangazi! Bibi ndiye kaivaa!"

Tulishuka tukikimbia. Mama alikuwa sakafuni jikoni, sufuria ya mahindi bado inachemka. Alikuwa anapumua. Gari la wagonjwa lilikuja, tukapanda wote wawili, na kabla hatujafika hospitali akatuacha. Tukiwa mle ndani, Nayeli kamshika mkono, simu yangu ikaleta ujumbe mwingine: mapigo hayasomeki, tafadhali kaza bangili.

Daktari wa hospitali alisema hata tungeanzia nyumbani, huenda isingesaidia. Huenda. Mwanao amelishika neno hilo tu.

Halafu wewe, siku ya mazishi, ukasema kwenye simu: "Angesema mapema kuwa kamvisha Mama bangili, si mngemkimbilia Mama?" Ulikuwa na uchungu, najua. Ila spika ya simu ilikuwa imefunguliwa na Nayeli alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Tangu hapo hajakutaja.

Kule mtoni, mikono ikiwa majini, ndipo aliponieleza. Asubuhi ile alikuwa anavaa viatu huku analia, hataki kwenda. Mama akamnyooshea mkono. "Lete hapa hicho kipingu, mke mwenzangu. Mimi moyo wangu mzee, umezoea kusumbuliwa. Wewe nenda kacheze." Nayeli akakataa, Mama akaivua mwenyewe na kuivaa chini ya mkono wa sweta, akamsukuma nje kwa utani kama kawaida yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanao hakumtupia Mama mzigo. Mama aliutaka.

Daktari Iralda hakuleta bangili nyingine. Anakuja mwenyewe, anakaa naye uani. Jana Nayeli alikula nusu sahani.

Mpigie, Wilmer. Mpigie yeye, si mimi. Usimfundishe, usimhoji. Mwambie unampenda. Akipokea akanyamaza, usikate simu.

Zoila anakusalimu, na mjomba Rosendo anauliza kama bado unakula vizuri. Nisalimie binamu yetu Maribel na wanawe hapo Murcia.

Mungu akulinde ugenini, akupe machozi ya kutosha na mtu wa kuyafuta.

Dada yako akupendaye hata unapokosea,

Narcisa