Babu Niliyemzaa kwa Brashi

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za goti lako, tambua kwamba anayekuandikia ni mwanamume pekee chini ya jua aliyemzaa babu wa Mheshimiwa, tena bila mke wala mkunga. Wenye shahada zao wajaribu! Mimi shule niliwaachia darasa la sita, maana walimu walishaanza kuniona mshindani. Goti linaendeleaje? Na yule jogoo mkorofi bado anafukuza wageni? Naomba awe na nguvu zake, atahitajika. Usimfungulie mtu yeyote mlango kabla hujaimaliza barua hii.

Unajua nachora mabango. Yule ng'ombe wangu wa buchani, wenye wivu wanasema ni mbwa, lakini nyama inauzika. Basi asubuhi moja aliingia karakanani Mheshimiwa mwenyewe, anayegombea kiti cha juu kabisa, na katibu wake nyuma. Fundi, bosi wangu, alimwaga tapentaini kwa mshtuko. Mimi nilimgeuzia mgeni ndoo ya rangi aikalie.

Unamsikia redioni: yule mcheshi aliyekuwa akijisifu kwamba baba yake aliuza viatu vya mitumba. Asichosema ni kwamba baba huyo aliokotwa stendi akiwa mchanga, hakuna ajuaye katoka tumbo la nani. Sasa mpinzani wake, ambaye babu yake ana sanamu katikati ya mji, akawa anauliza mikutanoni mtu asiye na kwao ataongozaje wenye kwao. Neno hilo lilimchoma mwenzetu hadi kwenye mfupa. Akatuambia kwa sauti ndogo, huku akichezea kifungo cha koti, kwamba anataka picha ya babu yake aitundike ofisini. Fundi akauliza huyo babu anafananaje. Akajibu hajui, ila awe mtu wa kuogopwa. Nikamwambia asihangaike, mababu tunao wa kila saizi, aseme tu kama anamtaka na ndevu. Alicheka mpaka akafuta machozi. Bibi, kicheko kile ndicho cha mwisho nilichomsikia.

Mtu wa kuogopwa ninayemjua ni mmoja tu: mpinzani wangu kwako, marehemu mumeo. Nikamchora kama alivyokuwa mwaka ule wa jino bovu, shavu kalishika, ndita kazikunja, anawatazama watu kana kwamba wote wamemnyima chumvi. Nikamvika joho, nikampa na upanga, yeye aliyekuwa akikimbia nyuki!

Nilipokwenda ofisini kwake kurekebisha rangi, nilidhani nimekosea mlango. Mheshimiwa amekaa chini ya picha, ndita zilezile, mkono shavuni vilevile. Nchi nzima, Bibi, inatetemekea jino la babu! Wafagizi aliokuwa akiwatania sasa wanapita wameubana ukuta kama mijusi. Katibu alininong'oneza kwamba bosi wake hasikilizi tena washauri, anaitazama picha, kisha anasema damu yao haikuzoea kuomba, ilizoea kutwaa. Viatu vya mitumba vimefutwa kwenye hotuba. Mimi nikacheka, nikaona sifa zangu zimepanda.

Jana mkutanoni picha ikainuliwa, kubwa kama ukuta wa ghala. Mheshimiwa akaapa kwamba wavamizi waliokalia ardhi ya babu yake wataondoka kabla ya uchaguzi, na kwamba wapima ardhi wameshatumwa na vigingi vyao. Watu wakashangilia. Akanyoosha kidole nyuma ya bega la babu, kwenye kilima chenye mawe matatu, chemchemi, na nyumba ya mlango wa buluu. Ni kwako, Bibi, nilikochora nyuma yake. Kilima kingine cha kuchora nitakijulia wapi?

Nilipenya hadi nyuma ya jukwaa nikamkumbusha kwamba babu yule alizaliwa mbele ya macho yake, ndani ya kopo la rangi. Nilitegemea atanikonyeza. Alinitazama kwa huruma, akasema mkono wangu uliongozwa na wazee wake, mimi nilikuwa brashi tu. Hakuwa akidanganya, Bibi. Anaamini. Atakuja kulia juu ya kaburi la mume wako mbele ya kamera, na mvamizi utakuwa wewe.

Fundi ananituliza kwamba vilima vyenye mawe matatu viko vingi. Kweli viko vingi. Lakini siku ile ofisini katibu aliniuliza kama kilima kile kipo au nimekitoa kichwani. Nilikuwa nimekalia kiti cha ngozi, naletewa soda, naitwa msanii. Ningesema nimekitoa kichwani, yangeishia pale. Nikaona nadharauliwa. Nikachukua kalamu yake nikamchorea ramani.

Msalimie mjomba, na jogoo msimfungie. Naifuata barua hii kwa nyuma, Mungu akipenda nitawahi.

Ni mimi mumeo mdogo, niliyewaonyesha hadi njia ya mkato.